Sindano Ambayo Joash Hakuitaja

Jumatatu, 1 Julai 1968
Mungu hajalala. Leo Joash amekuja maabara!
Nilikuwa nakatia sungura sukumawiki. Nikasikia mtu anakohoa kile kikohozi cha kuamsha kambi. Kutazama — nyapara wetu wa shambani mwenyewe. Uso umevimba, macho yamebaki nyufa, mikono imejaa vipele.
"Wee, si ni Micah?"
"Ndiye mimi," nikamjibu. "Yule wa kaswende."
Akaangalia viatu vyake.

Jumanne, 2 Julai
Sijasahau. Miaka miwili iliyopita, shambani kule Njoro, nilimeza vidonge vya salfa, nikababuka ngozi mwili mzima. Joash akapiga kelele mbele ya kambi: kaswende hiyo, asilale na watu! Blanketi langu akalichoma. Mama aliniletea blanketi lile kutoka Butere. Watu walicheka.
Daktari Amrit wa maabara hii alipima damu yangu, akaandika kwamba kosa ni la salfa. Karatasi nikampelekea Joash. Akaikunja, akawashia sigara. Daktari ndiye aliyenipa kazi hii ya sungura.
Kazi yenyewe ni hivi: maji ya damu ya mgonjwa yanachanganywa na damu ya sungura, kisha unga wa dawa. Chembe zikipasuka, dawa hiyo ndiyo adui. Lakini Daktari humwambia kila mtu: leta dawa zote ulizotumia. Damu haijibu usichoiuliza.

Jumatano, 3 Julai
Joash ameleta dawa ndani ya kibiriti. Aspirini mbili, kwinini moja.
"Ni hizi tu?" Daktari kamwuliza mara tatu.
Hizi tu, haki ya Mungu.
Mwongo! Wiki mbili zilizopita nilimwona mtaani Bondeni akitoka mlango wa nyuma wa duka la kompaunda, yule mchanganya dawa, ameshika tako. Mlango ule una kazi moja: sindano ya penisilini, kwa wanaume wenye kisonono. Nyapara na kisonono! Na mimi ndiye niliyechomewa blanketi.
Nimeosha vichupa nikipiga mluzi.

Ijumaa, 5 Julai
Nimemshika sungura mweupe, Daktari akamtoa damu sikioni. Baadaye akaniita nichungulie kwenye hadubini. Chembe zote nzima, zimetulia kama ng'ombe waliolala. Aspirini — hapana. Kwinini — hapana.
Daktari anakuna ndevu. Kuna kitu kimekosekana, anasema. Dawa ikimkataa mtu, mara ya kwanza hutoa vipele. Mara ya pili inaweza kumwua kabla sindano haijachomolewa.
Sikula chakula cha mchana. Si huruma. Ni furaha tu, nadhani.

Jumatatu, 8 Julai
Joash amerudi kuchukua majibu. Uvimbe umeshuka. Kaja na mkewe Chepkemei na wanaume watatu wa kambi, wale wale waliocheka siku ya blanketi. Kasimama barazani kama chifu, karatasi juu.
"Mmesikia? Damu safi! Si kama ya wengine hapa."
Wakacheka. Tena!
Kisha akamwambia mkewe, polepole, kwamba saa nane ana sindano ya kumalizia. Ya kikohozi, eti — ni ile ile ya mlango wa nyuma. Daktari alikuwa ndani, hakusikia. Mimi nilisikia.
Chepkemei alinisalimia kwa mkono, akauliza habari za mama. Siku ile ya blanketi ni yeye peke yake aliyeniletea gunia la kujifunika.
Nikinyamaza, Joash atazikwa na heshima yake. Nikisema, ataishi, lakini wale watatu watapeleka habari kambini kabla jua halijatua — na Chepkemei atakuwa amesimama hapo hapo akisikia. Niko kama mtu mwenye njaa mbele ya sufuria mbili.
Halafu Daktari akafungua mlango. Mbele ya wote!
"Micah, wewe ulikaa naye shambani. Kuna dawa nyingine unayoijua?"
Joash akanitazama. Mkono wake ukaenda nyuma wenyewe, kwenye tako. Akasema, "Ndugu yangu Micah." Ndugu! Tangu lini?
Nikasema ngoja kwanza nilishe sungura.
Niko bandani, naandika juu ya debe. Saa saba na robo. Naona kivuli cha Chepkemei mlangoni, haingii. Wananingoja.
Sungura walishakula asubuhi.