Ruhusa Iko kwa Mbwa

Shamba la mkonge, karibu na Mingoyo
3 Julai 1938

Mama yangu Mwahija, Kilwa Kivinje,

Shikamoo. Mimi mzima, zisizo nzima ni nguo zangu. Niliandikwa kufua na kupiga pasi, lakini bwana amenikabidhi mbwa wake, Tobi. Akimwona mtu humrukia kifuani, kisha humng'ata vidole na visigino. Bwana anasema ni mchezo, naye hucheka. Kila akinilamba naosha mara saba, moja kwa udongo, na kisima kiko bondeni. Jana adhuhuri ilinipita nikisugua kanzu.

Habari ya harusi ya Kudra nimeipata. Baba hayupo, ami hatuna, walii wa dada yangu ni mimi tu. Nimeomba ruhusa. Bwana amejibu: "Siku mbwa huyu atakapoacha kurukia wageni wangu, utakwenda." Nikiondoka kabla ya mkataba kwisha, ni jela.

Mwanao, Pazi

Kilwa Kivinje
19 Julai 1938

Mwanangu Pazi,

Marahaba. Sote wazima, ila goti langu. Anayeniandikia ni Mwalimu Huseni wa madrasa, na nimemwapisha asipunguze neno.

Mbwa sijafuga wala sitafuga, lakini wewe nilikulea. Ulipoota meno uliuma kila mtu, hata marehemu baba yako mbele ya wakwe. Tukikupigia kelele ulicheka, ukauma tena. Basi ukiuma nikawa nakugeuzia mgongo, kimya, kama sikujui. Ukitulia nakupa tende. Haukupita mwezi ukawa mtu. Jaribu hivyo.

Yunusu anataka kuoa Shaabani, kabla ya mfungo, maana baadaye anahamia Pemba kikazi. Kudra kila siku anauliza kama umekuja.

Mama yako

Mingoyo
11 Septemba 1938

Mama,

Shikamoo. Goti vipi? Shauri lako limefaa kupita kiasi. Akiruka namgeuzia mgongo, mikono kwapani, simsemeshi. Akiweka miguu yote minne chini, nampa kipande cha samaki mkavu. Mwisho wa Agosti alikuwa anakaa chini mgeni akipita, hata meno haonyeshi. Nikafunga mzigo wangu.

Bwana akanituma dukani kwa Jafferali kutwa nzima. Niliporudi nilikuta Tobi amemrukia mke wa mgeni, amemchana mkono wa gauni, na amemng'ata Dionis mpishi. Aliponiona akaketi. Bwana akasema, "Anakusikia wewe tu. Basi utakaa."

Kosa ni langu. Sikumruhusu Dionis ampe hata mwiba wa samaki, nikiogopa ataniharibia kazi. Sasa nikimwacha Tobi arudie ujinga, bwana atasema kazi haijaisha. Akitulia, atasema hawezi kukaa bila mimi. Namfundisha Dionis, lakini akirukiwa anapiga mayowe, na mbwa anafurahi.

Mama, nimechoka. Hapa hakuna mlango.

Pazi wako

Kilwa Kivinje
25 Septemba 1938

Mwanangu,

Goti liache. Shauri lile lilikuwa langu, na linaniuma. Nilitaka kukutoa, nimekufunga.

Nikaha ni Ijumaa, 14 Oktoba, saa nne. Kudra anasema utoroke. Mimi nakukataza, siwezi kuoza binti na siku hiyohiyo mwanangu akaingia jela. Mwalimu anasema walii aliye mbali anaweza kumweka mtu awe wakili wake kwa barua. Nilimwambia asiliandike hilo. Amesema ni lazima ulijue.

Mama yako

Mingoyo
6 Oktoba 1938

Mama,

Shikamoo, na salamu kwa wote. Dionis bado anang'atwa. Jana nilimwomba bwana siku tano tu, akanionyesha gauni lililochanika.

Kwa hiyo mimi Pazi, walii wa Kudra, namweka Mwalimu Huseni awe wakili wangu, amwozeshe dada yangu kwa Yunusu, kwa mahari waliyokubaliana. Nimeandika mbele ya imamu wa msikiti wa Mingoyo na mashahidi wawili, majina yao yako nyuma ya karatasi hii.

Mwambie Kudra nilitamani sana kumwoza kwa mdomo wangu. Ijumaa hiyo, saa nne, bwana ana wageni. Nitakuwa nimesimama barazani, na mbwa ameketi kando yangu, ametulia kabisa, na kila mgeni atanisifu.

Mwanao, Pazi