Mlio wa Tembo Uliotoka Kwenye Lori

Kambini, mbugani,
ng'ambo ya ziwa.

Mpendwa Tata, baba yangu,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje katika siku hizi za kuchuma kahawa? Mama naye, kikohozi kimemwacha? Migomba ya nyuma ya nyumba niliiacha imelazwa na mvua ya mawe; niambie kama mliiokoa. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio umechoka. Adventina dada yangu, wewe unayemsomea Tata, funga kwanza mlango. Barua hii isisikiwe na jirani yeyote, hasa watu wa kwa mzee Ta Kaiza.

Tata, uliwahi kuniuliza kusikiliza tembo ni kazi gani. Bwana Mtafiti, yule Mzungu niliyekuandikia habari zake, aliwavisha tembo majike watatu wa ukoo mmoja mikanda shingoni. Kila mkanda una chombo kinachotoa mlio wake katika redio zetu. Asubuhi mimi hupanda kilima kimoja, mwenzangu Magesa kingine. Kila mmoja huzungusha antena mpaka mlio uwe mkali, kisha husoma dira. Jioni tunachora mistari kwenye ramani, na inapokutana ndipo tembo alipokuwa. Bwana anataka kujua wanavyosafiri pamoja, nani huanza kuondoka na nani hufuata. Kwa miezi minane hatukuona hao watatu wakitengana hata nusu siku.

Baada ya mvua, tembo dume aliyekuwa karibu nao akakutwa ameuawa korongoni, pembe zimekatwa. Korongo lile halina njia. Bwana akasema aliyewaleta wauaji ameiona ramani. Ramani tunaiona watu wanne: Bwana, mimi, Magesa, na dereva wetu Evarist, mtoto wa Ta Kaiza, ambaye wewe mwenyewe uliniomba nimtafutie kazi.

Nikaanza kuwachunguza wenzangu. Magesa ni mwenyeji wa huku, ndugu zake wanaishi mpakani mwa mbuga, na kila Jumapili alitoweka bila kusema aendako. Hata akicheka niliona anaficha jambo. Evarist akaniambia kwa Kihaya, "Watu wa huku si wa kuaminiwa. Mwambie Bwana mapema, kabla hujashukiwa wewe unayeshika daftari."

Nikaenda nikamwambia Bwana kwamba namshuku Magesa. Magesa akafukuzwa siku ileile. Alifunga godoro lake akaondoka bila kunitazama.

Wiki ya tatu baada ya hapo nilikuwa kilimani peke yangu. Milio miwili niliisikia mashariki, palepale nilipoitarajia. Wa tatu haukuwapo. Nikazungusha antena polepole, ukaja kutoka nyuma yangu, upande wa kambi. Nikadhani redio imeharibika, maana tembo yule hakuwahi kuwaacha wenzake. Nikashuka na antena mkononi, mlio ukizidi kila hatua. Nikapita jikoni, nikapita hema la Bwana, nikafika kwenye lori. Evarist alikuwa chini yake anakaza nati.

"Kuna nini ndani ya lori?" nikamwuliza.

"Spana tu. Kwa nini?"

Mimi mwenyewe nikainua kiti cha dereva. Palikuwa na gunia, na ndani ya gunia mkanda uliokatwa kwa kisu, damu imekauka juu yake. Baadaye alikiri kwamba wauaji wa tembo yule walimpa akautupe mtoni, naye hakupata nafasi. Alidhani mkanda ukishakatwa mlio wake unakufa, kwa kuwa hakuwahi kuvaa visikizio vya redio.

"Laurenti, zima hiyo redio," alisema kwa sauti ya chini. "Tata yako na wangu wamepakana vibanja vya migomba. Utanifungisha kwa ajili ya mnyama?"

"Na Magesa je?"

"Magesa si mtu wetu."

Nikamwita Bwana. Polisi walifika adhuhuri, na Evarist hakukana.

Sasa najua habari hizi zitashuka Bukoba na meli, na zitafika Muleba zikiwa zimegeuzwa. Watasema nilimwonea wivu dereva, au kwamba tulikuwa pamoja nikamgeuka. Wataulizana hayo kwenye shamba la kijiji majembe yakiwa mkononi. Kwa hiyo nakuomba, nenda wewe mwenyewe kwa Ta Kaiza kabla mwingine hajamfikia. Mwambie polepole. Yule mzee hana kosa.

Magesa nilimfuata kwao. Nikamkuta akimlisha mama yake uji. Mama amepooza, na Jumapili zote alikuwa akija kumwogesha. Nilimwomba msamaha. Alimaliza kulisha, akafuta kijiko, ndipo akasema, "Hukuniona nikifanya lolote. Uliona nilikotoka tu."

Bwana amemrudisha kazini. Anapanda kilima chake, nami changu, lakini sasa ana daftari lake mwenyewe, na jioni hasomi namba zake mpaka mimi nisome zangu kwanza. Simlaumu. Nami najikuta nikimtazama mpishi, nikimtazama hata Bwana, najiuliza nisichokijua juu yao.

Nisalimie Mama, na shangazi mwenye duka Kashai, na mjomba mvuvi wa Bumbire akija kuuza samaki, na katekista aliyenifundisha kusoma. Adventina, asante kwa sauti yako.

Tata, ukisikia maneno tofauti na haya, usiniandikie haraka. Uliza kwanza, kwa watu wa pande zote, ndipo unijibu. Mimi sikuuliza.

Mwanao,
Laurenti