Pama la Mwenyekiti Haliondoki Chinongwe

Jumamosi jioni, Chinongwe. Joto. Huko bondeni watu wanachoma mashamba, kwa hiyo hewa yote ni moshi, na vumbi la barabara ya Nachingwea bado liko masikioni mwangu hata baada ya kuoga. Nimechoka, nina njaa, na sijutii chochote. Naandika sasa hivi kabla watu hawajaanza kunisimulia nilichofanya.

Leo chuo chetu kilikuwa kinawatunuku wahitimu na walimu wake kwa maisha ya utumishi. Ndivyo lilivyoandikwa bango. Ni chuo cha ualimu cha kanisa, upande wa Nachingwea, na mimi Zuhura, mtoto wa wakulima wa ufuta, Mwislamu wa kuzaliwa, nilisoma pale nikiwa na ushungi wangu kichwani na hakuna aliyewahi kuniambia niuvue. Nalisema hili mapema ili asije mtu hapo chini kwenye maoni akadhani nina ugomvi na Wakristo. Chuo kile nakipenda. Ugomvi wangu ni na kamati.

Nilikuwa mmoja wa wanaotunukiwa. Walinichagua kwa sababu ya darasa la msimu. Huku kwetu korosho zikianza kudondoka, familia zinahamia mashambani, watoto wanalala kwenye vibanda huko huko, na madawati yanabaki matupu. Walimu wengine wanaandika mtoro, mtoro, mtoro, basi. Mimi nafunga ubao mdogo kwenye baiskeli nawafuata. Asubuhi tunaokota wote, jua likichachamaa tunakaa kivulini tunasoma. Mimi ni mwalimu wa darasa la kwanza, na darasa langu halipotei msimu wa korosho. Watu wanasema nimebuni jambo kubwa.

Sikubuni kitu.

Aliyebuni ni Mwalimu Skolastika. Alitufundisha namna ya kufundisha watoto wadogo, na alikuwa na sheria yake moja: hushiki chaki kabla hujalala kijijini. Kila mwanafunzi alipelekwa kwenye nyumba ya wakulima, nyumba ya watu wasio wa kabila lake, akakaa msimu mzima. Unaokota nao, unapika nao, unajifunza bibi wa nyumba anasalimiwaje kwa lugha yake. Mimi Mmwera alinipeleka Mkotokuyana kwa Wamakua, nikalia wiki nzima. Alisema mtoto anakuja darasa la kwanza na lugha ya mama yake mdomoni, na mwalimu asiyejua hata kumsalimia mama huyo asijidanganye kwamba atamfundisha mtoto wake kusoma.

Wakati huo alikuwa sista. Baadaye akavua shela, akaolewa na Mzee Issa, mkulima wa Nambambo, Mwislamu. Hakubadili dini. Mpaka leo Jumapili anakwenda kanisani, anakaa benchi la nyuma, na mzee wake anamsubiri nje na baiskeli. Chuo kikamwondoa. Akaendelea kufundisha watoto wa Nambambo uani kwake, wa Kiislamu na wa Kikristo, bila mshahara wa mtu.

Majina ya watunukiwa yalipowekwa kwenye kundi letu la WhatsApp, nililitafuta jina lake. Halikuwepo. Nikauliza. Nikajibiwa na vile vikatuni vya mikono inayosali, vingi, basi. Jioni yake katibu wa kamati akanipigia, akanong'ona utadhani yuko msibani: "Dada Zuhura, suala la yule mama ni gumu. Maisha yake hayakuwa mfano."

Hayakuwa mfano. Ndoa moja, na imedumu kuliko za wajumbe kadhaa wa kamati ninaowafahamu.

Kilichoniuma zaidi ni mwenyekiti. Mzee Komba, mkaguzi wa shule mstaafu, Mngoni wa Songea aliyehamia huku zamani, ni mwanafunzi wa Mwalimu Skolastika kama mimi. Anamjua. Alilala kijijini kama sisi wote. Na alikaa kwenye hicho kikao akanyamaza.

Nilifikiria kususa. Mume wangu Hamisi akasema nikisusa watasema nimeumwa, na mambo yataendelea vizuri bila mimi. Kweli kabisa. Kila mtunukiwa aliruhusiwa kuja na ndugu mmoja. Hamisi akasema nafasi yake nimpe ninayemtaka. Basi leo alfajiri nikaenda Nambambo.

Mwalimu alikuwa anapepeta mtama. Macho yake yana mtoto wa jicho, ananijua kwa sauti. Nikampa shikamoo, nikamweleza yote bila kuficha, kwamba hajaalikwa na kwamba anakuja kama ndugu yangu.

"Sitaki kugombaniwa, Zuhura."

"Hakuna atakayekugombania, Mwalimu. Nataka tu wakuone umekaa."

Alipepeta mpaka akamaliza. Kisha akamwita Mzee Issa amtafutie viatu.

Sasa nieleze kosa la kamati, kwa sababu ni kosa ambalo mtu wa huku hapaswi kulifanya. Walimweka Mngoni mwenyekiti, wakampa kazi ya kutuvisha vitenge mmoja mmoja, na kati ya watunukiwa kulikuwa na Mmwera mwenye hasira. Wangoni na Wamwera ni watani. Babu zao walitupiga, vita vikaisha, ukabaki utani. Mtani anaweza kukuchukulia kitu chako mbele ya watu, akakaa kwenye kiti chako, akakwambia ukweli ambao ndugu yako hathubutu, nawe huruhusiwi kununa. Unatakiwa ukikomboe, yaani ulipe bei anayoitaja. Ukikasirika umejiaibisha mwenyewe, na utaimbwa mpaka msimu ujao.

Nilipoitwa jina nilikwenda taratibu. Mzee Komba akakunjua kitenge, akainamisha kichwa anifunge begani. Nikamvua pama lake, ile kofia yake pana. Nikalivaa juu ya ushungi, nikampita, nikaenda kukaa kwenye kiti chake cha mbele, kile chenye kitambaa cheupe.

Watu wote chini ya turubai wakanyoosha shingo. Halafu mama mmoja wa nyuma, simjui, akapiga kigelegele.

Nikaomba kipaza sauti. Mshereheshaji akaniletea, nadhani kwa kutojua afanye nini. "Mngoni," nikasema, "babu zako walikuja huku wakachukua mbuzi wa babu zangu bila hata kupiga hodi. Leo na mimi nimechukua kiti. Ukikitaka, kikomboe."

Watu wakaangua kicheko. Mzee Komba naye akacheka, angefanya nini? "Mbuzi wenyewe walikuwa wamekonda, tuliwahurumia," akasema. "Sema bei, mtani, wageni wana njaa."

"Mtaje Mwalimu Skolastika. Siyo jina tu. Sema alifanya nini hapa, na useme ni mke wa nani."

Hapo kicheko kilikatika. Mkuu wa chuo, kijana aliyehamia karibuni kutoka Arusha, akamwinamia mlinzi amwambie kitu. Mwalimu mmoja mzee akamshika mkono: "Mwache, baba. Huo ni utani, hauingiliwi." Niliogopa. Naandika hapa ili nisije baadaye nikajifanya shujaa: nilikuwa nawaza barua ya kuniita kwa afisa elimu.

Mzee Komba alisimama pale kichwa wazi, upara unang'aa. Aliwatazama wajumbe wenzake. Kisha akamtazama Mwalimu, aliyekuwa amekaa mstari wa nyuma, mikono mapajani, hajui hata aangalie wapi.

"Fidia ya mtani hailipwi nusu," akasema. Akaongea. Alisema alikuja chuoni akiwa kijana wa Songea mwenye majivuno, akapelekwa na Sista Skolastika kwenye nyumba ya Wamwera hapa Chinongwe, maji ya maganda ya korosho yakambabua vidole, na huko ndiko alikojifunza kunyamaza na kusikiliza. Alisema yote aliyokuwa akiyafuata katika ukaguzi wa shule aliyapata kwake. Akageukia mstari wa nyuma. Akamalizia: "Huyu ni Mwalimu Skolastika, mke wa Mzee Issa wa Nambambo. Alipaswa kuwa wa kwanza kuitwa. Nilijua, na nilinyamaza."

Watu walisimama. Walimu wazima, wenye mvi, wakasimama. Mimi nikasimama, kiti nikakiacha. Nilikuwa nimeshinda, na nilitaka kulia kwa furaha.

Wakamleta Mwalimu mbele. Akapewa kipaza sauti, akakishika vibaya, wakamrekebishia.

"Nashukuru," akasema. "Mkuu wa chuo yuko wapi? Sioni vizuri."

Yule kijana akajitokeza, akampa shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Wanafunzi wako mwaka huu wanalala vijiji gani?"

Akamweleza kwa adabu kwamba siku hizi mazoezi ya kufundisha yanafanyika shule za mjini, ni karibu na bweni, ni salama zaidi. Kulala vijijini kuliachwa zamani. Kabla yake.

"Hawalali kabisa?"

"Hawalali, mama."

"Basi hamjaniheshimu bado," akasema Mwalimu. Akamrudishia kipaza sauti, akaomba mtu wa kumshika mkono, akarudi kukaa nyuma.

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayesahihisha daftari. Na mimi niliyejiona simba jike pale mbele nikahisi nimepungua. Nilikuwa nimepigania jina lake litajwe, wakati yeye jina hata hakuwa na habari nalo. Kazi yake walikuwa wameizima kimya kimya miaka yote hii, na mimi mwenyewe, mwenye darasa la msimu na sifa zake, sikuwahi hata siku moja kuuliza kama chuo bado kinapeleka watu.

Kwenye bajaji ya kurudi Nambambo hakuzungumzia sherehe. Aliniuliza hali ya ufuta mwaka huu. Tulipofika akapapasa kichwani kwangu. "Bado umevaa kofia ya mtoto wa watu," akasema, akacheka hadi akashika ubavu.

Saa moja iliyopita Mzee Komba kapiga simu.

"Mtani, pama langu."

"Ulikomboa kiti. Pama bado."

"Zuhura, nilimtaja mbele ya watu wote. Nilijidhalilisha."

"Ulisema kweli, hujajidhalilisha. Sasa nataka wanafunzi. Hata wachache. Msimu ukianza waje Chinongwe walale kwa watu, kama wewe ulivyolala."

Akaanza. Mkuu wa chuo hatakubali, wazazi wa siku hizi ni wakali, kuna malaria, kamati haina uwezo huo. Nikamwacha amalize. Kisha nikamwambia kamati iliyokuwa na uwezo wa kumfuta mtu haishindwi kupeleka wanafunzi kijijini. Akaguna.

"Jumatatu nitakwenda kumwona mkuu wa chuo," akasema mwisho. "Kichwa wazi."

"Kichwa wazi hivyo hivyo. Akikuuliza kofia iko wapi, mweleze."

Kule kwenye kundi la WhatsApp moto unawaka. Kuna wanaosema nimeharibu sherehe takatifu kwa mambo ya kienyeji. Kuna mmoja anasema mwanamke wa Kiislamu hakupaswa kuingilia mambo ya kanisa. Huyo nimemjibu kwamba kanisa lilinifundisha, na mwanafunzi aliyefundishwa vizuri anajua kuuliza maswali. Wengine wameniandikia pembeni, kwa siri, kunipongeza. Hao ndio wanaonikera zaidi. Pongezi za pembeni Mwalimu ameishi nazo miaka mingi na hazikumsaidia kitu. Kama una la kusema, liseme pale penye watu.

Siombi msamaha. Wakiniondoa kwenye kundi, waniondoe. Wakikitaka kitenge chao, kiko kwenye kamba hapo nje, nimekianika kitoke vumbi.

Hamisi anauliza itakuwaje kama hao wanafunzi hawatakuja. Sijui. Naweza kujikuta na pama la mzee wa watu mpaka mmoja wetu anazikwa, na watani ndio wanaosimamia mazishi, kwa hiyo hata huko tutakutana. Lakini wakija, wasiseme hawakupata pa kulala. Kesho nahamisha magunia ya ufuta, nafagia chumba cha uani, kisha napita nyumba hadi nyumba kuuliza nani mwingine ana nafasi.