Mnyororo wa Plau Nyuma ya Landrova

Mpendwa Mama Bilha,

Nakusalimu katika jina la Bwana, na kabla sijaomba lolote acha nimshukuru Mungu, kwa sababu ninaandika barua hii nikiwa na mke na watoto saba wote wazima, na ilibaki kidogo sana niandike nikiwa na sita. Nisaidie mama, na unisaidie haraka ukiweza, maana nimekwama kati ya mambo mawili, moja ni la chuma na lingine ni la mkwe, na yote mawili yamefungwa kwa mnyororo mmoja.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi upande wa Mutomo. Nina Landrova ndefu niliyoipata kwenye mnada wa magari ya serikali, nayo ndiyo hutubeba sote kwenda kanisani, hospitalini na sokoni, watu tisa, na mara nyingine mbuzi wa kumi. Mwaka jana, huo wa themanini na nne, unajua mwenyewe mambo yalivyokuwa huku kwetu, maji tulikuwa tunayafuata kilomita kumi na tisa, mke wangu Syombua anaondoka alfajiri na punda na kurudi jua limeshainama, basi nikaenda kwa fundi nikatengenezewa trela ya magurudumu mawili yenye tangi la lita elfu moja, nikafurahi kama mtoto, na nilipoifikisha nyumbani juu ya lori la kukodi ndipo nikagundua sina cha kuifungia, kwa sababu gari langu nyuma halina kitu isipokuwa bampa.

Ndipo akaja baba mkwe wangu, Mzee Ndolo. Huyu mzee ni mhunzi tangu ujana wake, na ni mtu mwenye moyo ambao mimi sina. Ng'ombe wake wanne wa kulima walikufa wote katika ule ukame, mmoja baada ya mwingine, na badala ya kukaa na kuwalilia akachukua ule mnyororo wa plau uliobaki bila kazi, akawasha moto wake, akafua ndoano mbili kwa nyundo, moja kila upande, akatembea kutoka kwake hadi kwangu mnyororo ukiwa begani, akaufunga mwenyewe, huku kwenye gari na kule kwenye mkono wa trela, kile chuma kirefu cha mbele. Akaupiga kofi akasema, "Hii imevutwa na ng'ombe nne kwa shamba ya mawe miaka kumi na mbili. Haijawahi kukatika. Sasa itavutia mtoto wangu maji." Mimi nilitoka nje nikajifanya naangalia gurudumu, nilikuwa nalia.

Na mama, mnyororo haukukatika, hata siku hiyo ninayotaka kukueleza haukukatika, na hapo ndipo ninaposhindwa hata pa kuanzia. Tulikuwa tunarudi na tangi limejaa, na mbele kuna mteremko wa kuingia mto wa mchanga, nikiwa juu kabisa Syombua akaniambia, "Baba Muthoki, simama. Mimi hii kelele ya mnyororo siipendi. Tutashuka na watoto tutembee." Nikamcheka, nikamwambia dereva ni mimi, akasema simama, nikasimama kwa hasira, wakashuka wote. Nikaanza kuteremka peke yangu. Nilipokanyaga breki gari likapunguza mwendo, lakini trela haikupunguza, mnyororo ukalegea ukalala chini kama kamba ya nguo, na ule mkono wa chuma ukaingia mlango wa nyuma ukaupasua ukatokea ndani, juu ya benchi, mahali anapokaa Muthoki wangu wa miaka sita kila siku ya Mungu kwa sababu anapenda kuangalia vumbi.

Nilizima gari nikakaa hapo. Syombua alipofika alitia mkono kwenye lile tundu, akautoa, akaanza kuimba wimbo wa shukrani hapo hapo barabarani, na watoto wakaitikia bila kujua wanaitikia nini. Hata leo nikiikumbuka sauti ile ninamshukuru Mungu kwa mke asiyenisikiliza.

Sasa sikia kosa langu. Mzee Ndolo alipokuja kutusalimu akauona mlango, akauliza, nami nikamwambia nilirudi nyuma nikagonga mti. Akauliza, "Na mnyororo?" Nikasema, "Baba, huo mnyororo ni wa ajabu, asante sana." Wewe unatujua sisi Wakamba, kuna nthoni, ile heshima ambayo mtu hawezi kumtazama baba mkwe usoni amwambie kazi ya mikono yako ilitaka kuniulia mtoto, tena kazi aliyoifanya akiwa ametoka kufiwa na ng'ombe wake. Nilidhani yameishia hapo. Kumbe mzee alifurahi sana kwa ile sifa akaenda kanisani kwetu akawaambia wazee kwamba atawatengenezea na wao mnyororo kama wangu, bure, kwa ajili ya gari la kanisa, ambalo litavuta tangi la maji wakati wa mkutano mkubwa wa Pasaka, na kina mama wa kwaya ndio watakaokaa nyuma. Zimebaki wiki tatu. Ameshaanza kufua.

Na mimi mwenyewe sijui nifunge nini. Fundi wa kwanza ameniambia anichomelee ndoano kwenye bampa, nusu saa tu na nimemaliza. Wa pili anasema ninunue kile kichwa cha mviringo ambacho trela hukikalia kwa kikombe. Wa tatu anasema pini nene na mashavu mawili ya chuma kama za trekta. Kila mmoja anaapa. Tangu siku ile trela imelala uani na Syombua amerudia punda, wala halalamiki, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi.

Nifunge nini, mama, na mzee nimwambie nini?

Ni mimi mwenye shukrani na aibu,
Mwalimu, Mutomo.

MAMA BILHA ANAJIBU

Mwalimu, jibu hili nimelitia posta siku ile ile niliyopata barua yako, kwa sababu Pasaka haingojei gazeti. Wasomaji wengine watalisoma baadaye, wewe uwe umeshalifanyia kazi.

Kwanza, msalimie sana Syombua. Mwambie kuna mwanamke huku Kambu, ndiye mimi, mjane wa Ng'ang'a wa spea, ambaye ameweka barua yenu chini akapiga magoti katikati ya duka na mteja amesimama. Miaka kumi na sita nimeuza vyuma kando ya barabara ya Mombasa, na magari yaliyosukumwa na trela zao nimeyaona yakiletwa kwa kuvutwa. Mara nyingi benchi halikuwa tupu. Kwa hiyo shukuru, na usiache kushukuru.

Baada ya kushukuru, sasa nikugombeze. Mwalimu mzima! Unafundisha watoto hesabu na hukuhesabu kwamba lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo lita elfu ni tani nzima, kabla hujaweka uzito wa tangi na magurudumu? Tani nzima ukaifunga kwa kitu kinachojua kuvuta tu. Mnyororo hauwezi kuzuia. Plau ikiwa nyuma ya ng'ombe imeuma udongo, ndiyo maana haijawahi kuwakimbilia ikawagonga miguu. Trela yako ilikuwa imeuma nini? Mzee Ndolo alifikiri kama mkulima, na kwa shamba alikuwa sawa kabisa. Wewe mwenye gari ndiye uliyepaswa kufikiri kama dereva.

Haya, chuma. Yule fundi wa bampa umpite mbali. Bampa ya kuchomelewa itang'oka na trela itaondoka nayo. Ile pini ya trekta ni imara, lakini inachezacheza ndani ya mashavu yake, na kwa mashimo ya barabara yenu itagonga mchana kutwa, na Syombua atashuka tena. Nunua kichwa cha mviringo na kikombe chake, vipimo vyao vifanane, usichanganye cha huyu na cha yule. Tafuta kilichopigwa muhuri wa uzito wa tani mbili. Kifungwe kwenye bamba nene, na bamba lishikwe kwa boliti ngumu za kupita kwenye chesisi yenyewe, na vyuma viwili vya kuliegemeza kwa chini. Maji yakiwa ndani, trela ikae sawa na ardhi, isiinue pua wala isiiname, na ule mkono wake uwe mzito kiasi cha wanaume wawili kuuinua wakiguna. Ukiinuliwa na mtoto, rudi kwa fundi alisogeze tangi mbele, la sivyo itakuyumbisha barabarani.

Tena usikie hili kuliko yote: trela ya tani nzima lazima iwe na breki zake yenyewe. Ziko za aina inayojifunga trela inapolisukuma gari, na hizo ndizo zitakazokufaa kwenye mteremko wako. Wakikuambia ni kazi kubwa kuzifunga, waambie umeshaona kazi kubwa zaidi. Na kabla hazijafungwa, trela ibaki uani na punda aendelee. Usijaribu kujaza tangi nusu ukadhani umepata njia ya mkato, maji ya nusu tangi yanacheza huku na huku na yatakuangusha konani.

Sasa tuje kwa mzee, maana najua hapo ndipo unapotetemeka. Mimi si Mkamba wa kuzaliwa, lakini nimezeeka kati yenu, na jirani yangu Kavata amenifundisha nthoni mpaka nami nikaanza kuiogopa. Aliponifundisha hakuniambia hata mara moja kwamba ni ruhusa ya kudanganya. Heshima ya mkwe inakukataza kumwaibisha mzee. Je, kina mama wa kwaya wakigongwa na tangi mbele ya kanisa zima, kwa mnyororo aliofua kwa sababu wewe uliusifu, hapo utakuwa umemheshimu? Umemchimbia shimo ukaliita adabu. Njia ya mwongo ni fupi, mwalimu, na yako inaishia Pasaka.

Usingoje Jumamosi, nenda kesho baada ya shule. Nthoni ina mlango wake na wewe unaujua: nenda na kaka yako mkubwa au mjomba atangulie kwa maneno, na Syombua aingie kwa mama yake amweleze upande ule. Enda na hiyo Landrova ikiwa na tundu lake, usilizibe. Mpeleke na Muthoki. Kaka yako akishasema mmekuja kushukuru na kuungama, umwonyeshe mzee mlango, kisha umwonyeshe benchi, kisha umwambie nani hukaa hapo. Usimweleze zaidi. Huyo ni mhunzi, anasoma chuma kama wewe unavyosoma daftari, ataona mwenyewe mkono wa trela ulipitia wapi na mnyororo ulikuwa umelala wapi. Akinyamaza, mnyamazie. Akikugombeza kwa ule mti wako wa uongo, pokea, ni haki yake.

Kisha umpe kazi, na hapa sikupi maneno ya kumfariji, nakupa jambo ambalo trela yako inalihitaji kweli. Kila trela ya maana huwa na minyororo miwili ya akiba, inapita chini ya mkono wake kwa kupishana, upande mmoja kwenye trela, upande wa pili kwenye gari, mirefu ya kutosha kukata kona na mifupi ya kutoburuta. Siku kikombe kikichomoka, hiyo ndiyo inayoushika mkono usichome barabara na kukuzuia kuua mtu. Mwombe Mzee Ndolo akague mnyororo wa ng'ombe wake pete kwa pete, iliyoliwa aitoe, aukate katikati, aufunge hivyo. Na ile anayoifua kwa ajili ya kanisa aimalizie namna hiyo hiyo, na yeye mwenyewe ndiye awaambie wazee wa kanisa kwamba gari lao lisivute kitu bila kichwa, kikombe na breki. Kutoka kwake watasikia. Kutoka kwako watauliza ulikuwa wapi.

Kina mama wa kwaya, kwa vyovyote vile, wapande gari lingine.

Kazi ikiisha, siku ya kwanza ya maji waache watoto nyumbani, hata Muthoki akilia. Mkalishe mzee kiti cha mbele. Mkifika juu ya ule mteremko simama kidogo, ashuke akague minyororo yake, apande, mteremke polepole kwa gia ya kwanza. Mkifika mchangani zima gari, na trela itakuwa imesimama nyuma yenu mahali pake. Hapo mgeukie umwambie, "Baba, asante." Ile ya kwanza ulimpa na uongo ndani, kwa hiyo mzee bado hajapata asante yake.