Ada ya Sufuria

Mji wa Kale, Mombasa
Ijumaa, baada ya swala

Dada yangu Haifa,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta salama huko Muskati, wewe, shemeji na watoto. Sisi huku hatujambo, ila mama anaumwa na kichwa tangu Idi pili, na hilo ndilo lililonikalisha niandike. Kwa simu ungenikatiza maneno, nami nisingemaliza.

Zile pesa ulizotuma ili mama awapeleke wanangu kulala siku moja kwenye hoteli ninayofanyia kazi, ile yenye mitelezo ya maji, zilifika. Wewe ulihesabu bei ya chumba kama ilivyotangazwa. Lakini dada, bei hiyo siku hizi ni chambo tu. Ukifika mapokezi unakuta ada ya burudani, ya taulo, ya mkanda wa mkononi, hata ya mahali pa kuwekea viatu. Siku hiyo ya Idi pili mama alilipa zote. Pesa zako zilipokwisha, akafungua pindo la leso akatoa zake.

Kisha mlinzi akafunua kikapu. Unamjua mama, hatoki na watoto bila sufuria; alikuwa kapika pilau na mahamri tangu alfajiri. Akaambiwa chakula cha nje kina ada yake, elfu tatu kwa kila chombo. Hakubakiwa na kitu. Basi akamwambia mke wangu Nabiha aingie na watoto, yeye akaketi nje ya lango na vyombo vyake, juani, mpaka alasiri. Watoto walikuwa wakitolewa mmoja mmoja kwenda kula.

Utaniuliza nilikuwa wapi. Nilikuwa mapokezi, nimevaa tai, nikijifanya nina wageni wengi. Nilipomrudisha nyumbani alisema neno moja tu: "Aloitunga ada hii hana mama." Nikamwitikia, nikasema kweli.

Dada, niliyeitunga ni mimi. Mwezi wa Shaabani meneja wetu, Oliver, alituuliza pesa zaidi zitatoka wapi. Nikamwambia watu wa kwetu hawaendi matembezini bila chakula chao, awatoze hicho. Hayo niliyajua kwa mama. Wakanipandisha cheo, na nyongeza ya kwanza nikamnunulia mama jiko la gesi. Pilau ile aliipika juu yake. Ningetoka langoni kumwombea asamehewe, meneja angenikumbusha mbele yake kwamba shauri ni langu. Nikaogopa. Naona haya hata kuandika.

Mama hajui. Kila akimaliza kuswali huniombea nisije nikawa na moyo kama wa mtu yule, nami huitikia amina. Nishauri, nimwambie kwa mdomo gani?

Nabiha na watoto wanakusalimu, na shemeji mpe mkono wangu. Mama naye ameniagiza nikuandikie kwamba alistarehe sana hotelini na hakukosa kitu.

Nduguyo,
Ziad