Safari ya Ziwani Ninayowaficha Wanangu

Mpendwa mshauri Mama Atabo, naomba msaada wako nikiwa bado na nguvu ya kushika kalamu, kwa maana daktari amesema moyo wangu umechoka na mimi mwenyewe nasikia hivyo, ila sikuandikii kwa woga. Mimi ni mwalimu mstaafu hapa Lodwar, mzaliwa wa Lokiriama, na miaka yote ya kufundisha jiografia nilichora Ziwa Turkana ubaoni bila kuwahi kukanyaga ufuo wake, kwa sababu sisi wenye mifugo tulilelewa tukijua kwamba anayeelekea ziwani ni yule aliyeishiwa na mbuzi akaenda kula samaki.

Sasa aibu hiyo imenitoka. Rafiki yangu Mading, mkimbizi wa Sudan Kusini mwenye duka kambini Kakuma, atakodi gari anipeleke Kalokol, tufuate ufuo hadi Eliye, tulale nyumba za wageni zenye chai ya asubuhi, na nipande vilima vya mchanga kwa mkongojo wangu. "Mzee, nitaendesha kama nimebeba mayai," alisema akicheka, "lakini ukinifia garini, watoto wako watanipika."

Nilipogusia ziwa, binti yangu Nakiru alinijibu, "Baba, unaenda kuvua? Kaa kivulini unywe dawa!" Basi nimewaambia wanangu naenda Kakuma kwa maombi. Lakini kwetu baba huwanyunyizia wanawe maji ya baraka kabla hajafa, na nikiwabariki sasa watajua naaga na watanizuia, nisipowabariki nikafia ufuoni watabaki mikono mitupu. Niende kimya, au nikae?

Mzee Lokaale, Lodwar

*

Mzee Lokaale, ejok, salamu kwako. Nenda ukalione ziwa lako. Hilo halina mjadala.

Lakini kimya? Unasema huna woga, kumbe unaogopa ulimi wa binti uliyemzaa! Na Mading umemfikiria? Wanao wanajua uko kwenye maombi, kisha maiti yako inatokea Eliye na mgeni kutoka kambini. Nani ataulizwa kwanza? Wewe una ukoo mzima hapa. Yeye nani atakaa upande wake?

Kwa hiyo asitoke kambini bila ruhusa ya mkimbizi kusafiri mkononi, nawe chukua dawa za kutosha. Akishafika Lodwar, kabla hamjaondoka, waite wanao wote, naye akiwepo. Waambie njia mtakayopita, na kwamba wewe ndiye uliyemwomba. Nakiru akipiga kelele, mwambie kiti cha nyuma kipo, aje akushike mkono mchangani.

Kisha chukua maji uwabariki. Watalia, waache walie. Wakishaitikia baraka, mwite Mading apige magoti palepale, umnyunyizie yeye pia mbele ya macho yao. Hakuna mwanao atakayeinua mkono juu ya mtu aliyelowa maji hayo.