Daftari Nililolikalia

Mjukuu wangu Divine,

Hapa Kinama tunaamka salama, ingawa babu yako bado anakohoa na mvua imeingia ndani tena. Unaniuliza kama umwazime jirani yako daftari lako la Kireno kabla ya mtihani, maana nafasi za chuo huko Nampula ni chache.

Nilipokuwa najiandaa kwa mtihani wa Kifaransa, rafiki yangu Spès alikuja kuniomba langu. “We, nipe tu, mi nasoma leo nakurudishia.”

“Apana, limepotea.”

Lilikuwa chini ya mkeka niliokalia. Mimi nilifaulu, yeye akashindwa.

Siku hizi anauza ndagala, dagaa wa ziwani, ufukweni Kajaga. Kila nikinunua huniongezea konzi moja, na hajawahi kuniuliza kama daftari lilionekana.

Bibi yako, Perpétue